UZI: Diski ya bakapu tuifomati kwa mfumo gani?

#1 · Bisibisi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila anayeuliza swali hili hupewa jibu moja la haraka: "Weka exFAT, inasoma kila mahali." Si uongo, exFAT inasoma karibu kila mahali kweli. Ila hilo ni jibu la swali jingine, la diski ya kubebea mafaili kutoka mashine hii kwenda ile. Diski ya kubebea ikiharibika, mafaili bado yapo ulikoyatoa. Diski ya bakapu ikiharibika, huenda ndiyo ilikuwa imebaki peke yake.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kubisha ajipange: mfumo wa mafaili (namna diski inavyopanga na kukumbuka mafaili) wa diski ya bakapu huchaguliwa kwa kuangalia siku ya kurejesha, si siku ya kukopi. Siku ya kukopi umetulia, mashine ni nzima, ukikwama unatafuta mtandaoni. Siku ya kurejesha mashine yako haiwaki, umeazima ya mtu, na unataka uchomeke diski uone mafaili basi. Kwa hiyo jiulize kwanza: kompyuta hii ikifa usiku wa leo, diski nitaichomeka kwenye nini? Windows, Mac au Linux? Ukishapata jibu, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha.

Twende kwa mmoja mmoja. Sitawapa nafasi sawa kwa sababu hawastahili nafasi sawa.

FAT32. Ya mwaka 1996, ilikuja na Windows 95 OSR2. Faili moja haliwezi kufika GB 4. Video ndefu, image ya diski, faili la mashine pepe, vyote vinagoma hata kama diski iko tupu. Saa ya faili nayo inahesabiwa kwa hatua za sekunde 2, kwa hiyo programu za kulinganisha mafaili huchanganyikiwa na kukopi upya vitu ambavyo havijabadilika. Kwa bakapu iacheni. Iende kwenye redio ya gari.

exFAT. Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Microsoft waliitoa 2006, macOS ikaanza kuisoma na kuiandika 2010, na 2019 Microsoft wakachapisha maelezo yake hadharani. Mwaka huohuo ikaingia kwenye keneli (kiini) ya Linux toleo la 5.4, kisha 5.7 ikaleta draiva bora iliyotoka Samsung. Kwa upande wa kusomeka haina mpinzani.

Shida yake ni kwamba haina jonali, yaani daftari la kuandika kazi kabla ya kuifanya. Tuangalie kinachotokea ukikopi faili moja. Diski inatakiwa kuandika data yenyewe. Inatakiwa kuweka alama kwenye ramani inayoonyesha klasta (vijisehemu ambavyo diski imegawanywa) zipi zimeshachukuliwa. Faili likiwa limekaa vipandevipande, inatakiwa kuandika mnyororo kwenye jedwali la FAT. Na inatakiwa kuandika ndani ya folda kwamba kuna faili linaitwa hivi, linaanzia hapa, lina ukubwa huu. Hayo hayaandikwi kwa mpigo mmoja. Waya ukichomoka katikati, mengine yameshaandikwa na mengine bado, na diski haina kumbukumbu yoyote ya ilichokuwa inafanya. Inachojua ni alama moja tu inayosema "sikufungwa vizuri". Baada ya hapo ni chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kupita diski nzima ikikisia. Na angalau FAT32 ilikuwa na jedwali la FAT nakala 2. exFAT ya kawaida ina moja.

NTFS (ya Windows), ext4 (ya Linux) na HFS+ (ya Mac) yenye jonali hufanya kama karani makini: wanaandika kwanza daftarini wanachotaka kufanya, ndipo wanakifanya. Umeme ukikatika, wakiwaka tena wanasoma daftari na kumalizia au kufuta lililobaki nusu. Kazi ya sekunde chache.

Kasoro ya pili ya exFAT ni klasta. Windows ikifomati diski inayozidi GB 32 kwa exFAT, kama hujagusa kitu inaweka klasta za KB 128. Faili la KB 3 linakula KB 128 nzima. Chukua folda ya mradi wa programu yenye mafaili 100,000 ya KB 3: maudhui yake ni kama MB 300, lakini kwenye diski yanakula zaidi ya GB 12. NTFS yenye klasta za KB 4 ingetumia MB 400 hivi. Mwenye picha na video tupu hataiona tofauti hii. Mwenye kodi, barua pepe na vifaili vidogovidogo ataiona siku ya kwanza.

Tatu, haihifadhi ruhusa za mafaili, haina linki za aina yoyote, na "Ripoti" na "ripoti" kwake ni jina moja.

NTFS. Ya 1993, ilizaliwa na Windows NT 3.1. Kama mashine zako zote ni Windows, weka NTFS na uufunge uzi huu. Watu hulalamika kwamba Mac inaisoma tu bila kuiandika. Kwa diski ya kubebea hiyo ni kero kweli. Kwa bakapu ya mtu wa Windows, hebu rudi kwenye siku ya kurejesha: umeazima Mac, umechomeka diski, unataka kuyatoa mafaili. Kusoma ndiko unakohitaji, na kusoma kupo. Linux nayo iliisoma na kuiandika miaka mingi kwa ntfs-3g, na tangu keneli 5.15 ya 2021 kuna draiva ya ndani iitwayo ntfs3.

Mac. Ukitumia Time Machine, programu ya bakapu ya Apple, usijisumbue kuchagua. Tangu macOS Big Sur ya 2020, ukiipa diski mpya inaifomati yenyewe kwa APFS, mfumo mpya wa Apple. Zamani ilikuwa HFS+, na mbinu yake ilikuwa linki za folda nzima. APFS ilitengenezwa kwa kufikiria SSD, na kwenye diski ya kuzunguka huwa nzito, hasa ikishajaa mafaili mengi. Kwa Time Machine vumilia. Kwa anayekopi kwa mkono kwenda diski ya kuzunguka, HFS+ yenye jonali bado inafaa. Kumbuka tu kwamba Windows haisomi yoyote kati ya hizo bila kuongeza programu.

ext4. Imetulia tangu Linux 2.6.28 ya 2008, na kwa mtu wa Linux mwenye diski moja ndiyo chaguo langu. Jambo moja wengi hawaligusi: kwa kawaida inatenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine. Kwenye diski ya mfumo hilo ni jambo la busara. Kwenye diski ya bakapu ya TB 4 ni GB 200 zinazokaa bure. `tune2fs -m 0` kwenye patisheni (sehemu ya diski) hiyo inazirudisha, na haifuti kitu.

Btrfs na ZFS, mifumo mingine ya mafaili, nimewaachia wenyewe, najua wapo humu na hawatanyamaza.

#2 · Nyaya_Tupu

Mkuu umeandika vizuri ila maisha ya wengine si ya mashine za aina moja. Mimi nina Windows nyumbani na Mac kazini, na nataka diski moja ipokee bakapu za zote mbili. NTFS Mac haiandiki. APFS Windows haioni kabisa. Sasa zaidi ya exFAT unanipa nini? Hizi nadharia za jonali ni nzuri, lakini exFAT yangu ina miaka na haijawahi kunisumbua.

#3 · Bisibisi

Mkuu Nyaya, hoja yako ni ya haki. Naona una njia tatu, na nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda.

Ya kwanza ni diski mbili, kila mashine na yake. Najua ndiyo ghali, lakini ndiyo inayokupa usingizi, maana diski moja ikianguka sakafuni haziondoki bakapu zote mbili.

Ya pili ni diski moja yenye patisheni mbili, NTFS na APFS. Inafanya kazi. Kila mashine itaona upande wake vizuri. Sharti ni moja: Windows ikikutana na patisheni isiyoielewa inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati. Anayebonyeza "ndiyo" bila kusoma ameimaliza. Kama diski hiyo inashikwa na watu wengine hapo nyumbani, usiifuate njia hii.

Ya tatu ni kubaki na exFAT lakini mafaili yasikae juu yake yakiwa wazi. Tumia programu ya bakapu inayofungasha, kama restic au Kopia, zote zinakwenda Windows, Mac na Linux. restic inakata mafaili yako vipande, inaondoa vinavyojirudia, inavisimba (visisomeke bila nenosiri), kisha inavipanga kwenye mafurushi ya MB 16 hivi. Kwa mtazamo wa exFAT pale hamna vifaili vidogo, kuna mafurushi tu. Tatizo la klasta limekwisha. Ruhusa, linki na herufi kubwa na ndogo za majina vinakaa ndani ya furushi, exFAT haihusiki navyo. Na kila kipande kina cheksamu (hesabu ya kuthibitisha kwamba data haijabadilika), kwa hiyo `restic check --read-data` itakwambia kama kuna kilichooza.

Gharama yake unaijua ukikumbuka siku ya kurejesha. Huwezi kuchomeka diski ukaona picha zako. Unahitaji programu na nenosiri. Ndiyo maana anayefuata njia hii aweke kwenye diski hiyohiyo, kwenye folda ya wazi, nakala ya restic ya Windows, ya Mac na ya Linux, pamoja na faili la maandishi linaloeleza amri ya kurejesha. Nenosiri liandikwe mahali pengine kabisa.

#4 · Zumaridi

Kwa wanaotumia Mac na exFAT: kuna vifaili vinavyoanza na `._` vitajaa kila folda. Si virusi. Ni macOS inahifadhi maelezo ya ziada ya faili ambayo exFAT haina pa kuyaweka. Ukiyaona kwenye Windows, kabla ya kufuta yote kwa hasira, jua kwamba baadhi yana maelezo ambayo Mac itayataka ikirudishiwa faili lile.

#5 · Msomaji Kimya

Jamani nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Diski yangu ina exFAT na imeshajaa nusu kwa bakapu. Mashine zangu zote ni Windows. Naweza kuigeuza iwe NTFS bila kufuta kilichomo?

#6 · Bisibisi

Karibu sana ndugu. Kwa exFAT, hapana. Windows ina amri ya `convert` lakini inageuza FAT na FAT32 kwenda NTFS tu. Itabidi uhamishie vilivyomo mahali pengine, ufomati, kisha uvirudishe.

Wakati viko pale pa muda, una nakala mbili tu za kila kitu, au moja kama ya asili ulishaifuta. Kwa hiyo fungua mafaili kadhaa pale pa muda uone yanafunguka, ndipo ubonyeze fomati. Bado naambiwa watu wanafomati kwanza halafu ndiyo wanagundua kopi iliishia katikati.

#7 · Kitasa

Naongezea upande wa kusimba, maana diski ya bakapu ina kila kitu chako na inaingia mfukoni.

Windows: BitLocker inafanya kazi kwa NTFS na exFAT pia. Toleo la Home haliwezi kuiwasha kwenye diski ya nje, lakini linaweza kuifungua ukiwa na nenosiri, kwa hiyo kurejesha hakuna shida. Ule ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48 usikae kwenye kompyuta ileile unayoifanyia bakapu. Inaonekana ni kitu cha wazi, ila ndiko wengi wanakouhifadhi.

Mac: chagua APFS iliyosimbwa unapofomati, au weka tiki ya kusimba kwenye Time Machine.

Linux: LUKS chini, ext4 juu. Kichwa cha LUKS (sehemu ya mwanzo yenye funguo) kikiharibika hata ujue nenosiri haisaidii, data imeondoka. Kuna `cryptsetup luksHeaderBackup` inayotoa nakala ya kichwa hicho kwenye faili dogo. Lihifadhi nje ya diski yenyewe.

Mwenye mchanganyiko: VeraCrypt ipo kwa zote tatu. Lakini angalieni, ndani ya VeraCrypt bado kuna mfumo wa mafaili, na swali la mleta uzi linarudi palepale.

#8 · Tarakimu

Nilikuwa nasubiri mtu ataje kuoza kwa data na nimesubiri hadi posti ya 3.

Mkuu Bisibisi, maelezo yako ya jonali ni sahihi lakini msomaji anaweza kuondoka akidhani jonali inalinda picha zake. Hailindi. Jonali ya NTFS inalinda mpangilio: majina, folda, ramani ya nafasi. Yaliyomo ndani ya faili haiyaangalii. Sekta moja ikibadilisha biti, NTFS itakusomea picha iliyoharibika bila kusema neno. ext4 hivyohivyo. Hata APFS, inaweka cheksamu kwenye maelezo ya mfumo lakini si kwenye data yako. Na ubaya wake ni huu: bakapu yako inayofuata inaweza kukopi ile iliyooza juu ya ile nzima, kwa utiifu kabisa.

Btrfs, iliyoingia Linux 2.6.29 mwaka 2009, na ZFS, iliyotoka Sun Microsystems na msimbo wake kufunguliwa 2005, zinaweka cheksamu kwa kila bloku ya data. Ukisoma na hesabu haikubaliani, unapata hitilafu badala ya takataka. Kuna amri ya scrub ya kupita diski nzima na kukagua, huhitaji kufungua faili mojamoja.

Niwe mkweli kwa wenye diski moja: kugundua si kurekebisha. Ili irekebishe lazima pawe na nakala nzima mahali. Btrfs kwenye diski moja siku hizi inaweka maelezo ya mfumo mara 2, lakini data mara 1, mpaka uiambie data nayo iwe DUP (mara 2 pia). ZFS ina `copies=2`. Zote zinakula nusu ya nafasi. Mimi sifanyi hivyo kwenye diski ya bakapu. Nikiambiwa faili fulani limeoza, nalichukua kutoka diski ya pili. Kinachonifaa ni kuambiwa mapema, wakati diski ya pili bado iko nzima.

Na snapshoti, wakuu. Kila baada ya bakapu napiga snapshoti, yaani kumbukumbu ya jinsi mafaili yalivyo wakati huo. Nikifuta folda kwa bahati mbaya na bakapu ikafuata mkumbo, snapshoti ya jana inayo.

#9 · Bisibisi

Tarakimu umenena, na rekebisho la jonali nalipokea kwa mikono miwili.

Swali langu kwako ni lilelile la mwanzo. Mashine yako ya ZFS imekufa. Umeazima laptopu ya Windows ya ndugu yako. Unafanyaje?

#10 · Tarakimu

Nawasha Linux kutoka kwenye flashi. Siikatai hoja yako, ndiyo maana flashi hiyo inakaa kwenye mfuko mmoja na diski, na nimeshaijaribu kwamba inaifungua. ZFS haimo ndani ya keneli ya Linux kwa sababu ya leseni, kwa hiyo si kila flashi ya Linux itaisoma. Btrfs imo, flashi nyingi za kisasa zinaisoma. Kwa mtu anayeanza ningemwelekeza Btrfs kwa sababu hiyo tu.

Na ukitumia ZFS kwenye diski ya nje, `zpool export` kabla ya kuchomoa. Usipofanya, mashine nyingine italalamika kwamba hifadhi hiyo inaonekana bado ni ya mtu mwingine, na utalazimika kuilazimisha.

#11 · Nyaya_Tupu

Mimi Btrfs niliiweka kwenye diski ya nje na ikawa inakwenda kwa kasi ya kinyonga. Mwanzoni safi, baadaye kukopi GB chache ni nusu siku. Nikaitupa.

#12 · Tarakimu

Angalia aina ya diski kabla ya kuilaumu Btrfs. Diski nyingi za nje za kuzunguka ni SMR, yaani njia za data zimelaliana. Kuandika mfululizo kwenye nafasi tupu ni sawa. Kuandika hapa na pale katikati kunailazimu diski kuandika upya ukanda mzima. Btrfs, ZFS na APFS haziandiki juu ya bloku ya zamani, zinaandika pengine kisha zinahamisha kiashirio, kwa hiyo baada ya muda maandishi yanatawanyika. SMR haipendi hivyo hata kidogo. Namba ya modeli ukiitafuta kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji mara nyingi utaona imeandikwa SMR au CMR (njia zisizolaliana). Ikiwa SMR na huna mpango wa kuibadilisha, ext4 au NTFS hazitakuumiza sana kama hizo.

#13 · Kifungo_cha_Kati

Wakuu vipi TV? Nimefomati NTFS kama mlivyosema na TV haioni kitu.

#14 · Bisibisi

Baadhi ya TV zinasoma NTFS, nyingine zinaishia FAT32 au exFAT. Lakini mkuu, diski ya bakapu inafanya nini kwenye TV? Nunua flashi ya muvi, weka exFAT, bakapu ibaki kabatini.

#15 · Zumaridi

Kuna mambo madogo ya wakati wa kufomati ambayo hayajasemwa.

Diski inayozidi TB 2 ichagulie GPT, si MBR (hizo ni aina mbili za jedwali la patisheni). Kwa sekta za kawaida za baiti 512 MBR haihesabu zaidi ya TB 2, kinachozidi hutakiona.

Kwenye Windows, ondoa tiki ya fomati ya haraka kama diski ni mpya. Fomati kamili inaandika sifuri diski nzima na kukagua sekta mbovu. Itachukua saa nyingi, iache usiku. Afadhali diski mbovu ijulikane ikiwa tupu.

Na kuhusu kuchomoa: tangu Windows 10 toleo la 1809, diski za nje zimewekwa kwenye hali ya kuchomolewa haraka, Windows haishikilii data kumbukumbuni kama zamani. Watu wamesikia hivyo wakaacha kabisa kubonyeza "ondoa kwa usalama". Hali hiyo haikusaidii ukichomoa wakati maandishi yanaendelea, na ukiwa na exFAT ndipo yale aliyoeleza Bisibisi kwenye #1 yanapokukuta. Mac na Linux bado zinashikilia data, huko lazima uondoe kwanza.

#16 · Msomaji Kimya

Nimerudi. Nimehamisha, nimefomati NTFS, nimerudisha, yote yanafunguka. Asanteni sana.

Sasa limezuka jingine. Dada yangu ana laptopu ya Linux, naye anataka kuweka bakapu yake kwenye diski hii. Tulikopi kwa rsync, programu ya kukopi mafaili, ikalalamika kuhusu baadhi ya mafaili. Yaliyogoma yote yana nukta mbili kwenye jina, kama `kikao 14:30.txt`. Mengine yamepita, lakini tulipoyarudisha kwake kama majaribio, skripti zake zikawa na ruhusa tofauti na za mwanzo. Tufanyeje, nimwambie abadilishe majina yote?

#17 · Bisibisi

Asibadilishe kitu. Linux inaruhusu karibu herufi yoyote kwenye jina isipokuwa mkwaju. Windows inakataa nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, alama za kunukuu, mabano ya pembe na kadhalika, na draiva za NTFS za Linux zinaweza kuwekwa zikatae pia ili Windows isije ikakutana na jina isiloliweza. Ruhusa nazo za Linux hazihifadhiwi kwenye NTFS iliyomauntiwa kwa kawaida, kila faili linaonekana na ruhusa moja.

Kwa vile wewe ndiye mwenye diski na ni mtu wa Windows, iache NTFS. Yeye afungashe bakapu yake kwenye faili moja: `tar -cpzf /njia/ya/diski/dada.tar.gz folda_yake`. Ndani ya tar majina yanabaki yalivyo na ruhusa zinabaki zilivyo. NTFS itaona faili moja kubwa lenye jina la kawaida, na haina kikomo cha GB 4 cha kumsumbua. Akitaka kuona kilichomo bila kufungua chote, `tar -tzf`. Bakapu yake ikishakuwa kubwa kiasi kwamba kuifungasha upya kila mara kunachosha, ahamie restic kama nilivyoeleza kwenye #3.

Ila akirejesha, afungulie moja kwa moja kwenye diski ya Linux. Akiifungua tar ile juu ya NTFS, yale ya nukta mbili yatagoma tena.

#18 · Msomaji Kimya

Imekubali. `kikao 14:30.txt` limerudi na jina lake, na skripti zinawaka.